Mfalme Hajaamka

Kijiko kilikwaruza chini ya sufuria. Kilikwaruza mara moja, polepole, kikatulia. Halafu tena, krrr, kama panya anayeonja ubao kabla ya kuanza kuuguguna.

Sikitu alifumbua macho gizani. Hakuhitaji taa kujua kuna nini. Alipapasa mkekani, akakuta mahali pa mtoto pana joto lakini mtoto hayupo. Akatambaa kwa magoti mpaka pembeni, penye jiko lililozimika, akaukamata mkono mdogo ulioshika kijiko na kuufumbata wote ndani ya kiganja chake.

"Kibibi," alinong'ona, midomo ikigusa sikio la mtoto. "Unafanya nini?"

"Nakomba," mtoto akanong'ona.

"Kuna nini cha kukomba humo?"

"Hakuna. Lakini nakomba."

Kibibi alikuwa na miaka minne, na katika maisha yake yote hakuwahi kusema neno kwa sauti kabla ya ngoma ya asubuhi. Alijua kunong'ona kabla ya kujua kutembea. Wenzake wa nchi nyingine hulia wakasikika mtaa wa tatu. Yeye alifundishwa kulia kwa kufungua mdomo tu, bila sauti, machozi yakitiririka, na mama yake alikuwa akimtazama akilia hivyo na kuhisi kama mtu anayetazama mtoto nyuma ya kioo.

Nje, kwenye korido ya ikulu, kukasikika miguu. Ilikuwa miguu ya Walinzi wa Usiku, ambao walivaa soksi za sufu juu ya soksi nyingine, ili wasije wakawa wao wenyewe ndio kelele wanayoitafuta. Miguu ikaja, ikaja, ikasimama mlangoni.

Sikitu alimlalia mtoto juu, akafumba macho, akaanza kukoroma. Alikoroma mkoromo mzuri wa raia mwema, usio mkubwa wa kujionyesha wala mdogo wa kutia shaka. Chini ya kifua chake aliusikia moyo wa Kibibi ukienda mbio kama wa kifaranga.

Miguu ikaondoka.

Mwanga wa jua ulikuwa umepenya kwenye tundu la ufunguo, ukachora mstari mweupe sakafuni. Nje ilikuwa saa sita mchana, jua la kukausha nguo. Lakini kwa mujibu wa sheria ulikuwa ni usiku, na ulikuwa usiku tangu juzi.

*

Pengine msomaji anatoka kwenye nchi ambako asubuhi huja yenyewe, bila kibali, kama mgeni asiye na adabu. Inabidi aelezwe.

Jina la nchi hii halikuruhusiwa kutajwa bila mtu kuvua kofia, na kwa kuwa hatujui kama msomaji amevaa kofia au hakuvaa, tutaliacha. Mfalme wake aliitwa Jabari. Alipokikalia kiti cha enzi alikuwa mtoto mdogo, na nchi yenyewe ilikuwa yake kwa jina tu. Kila bonde lilikuwa na bwana wake, kila bwana na ngome yake, na Mfalme akitaka askari ilibidi aombe, akitaka ushuru aombe, akitaka kupita njia ya watu alipe. Usiku mmoja mabwana hao, wakiwa wamelewa na wamekasirika, walivamia ikulu wakiwa na mienge, wakaingia mpaka chumbani kuhakikisha kwamba mfalme mtoto hajatoroshwa.

Mtoto alikuwa macho. Alifumba macho upesi akajifanya amelala. Mienge ikapita juu ya uso wake, nta ikamdondokea shingoni, na sauti moja nzito ikasema, "Kumbe ni katoto tu haka." Hakutikisika.

Walipoondoka alikuwa amejikojolea, na alikuwa ameshaamua mambo mawili. Kwanza, hatalala tena maishani mwake huku mtu mwingine yuko macho. Pili, mabwana wote watakuja kukaa mahali ambapo yeye atawaona.

Waandishi wa historia wa ikulu wanasema taifa lile tukufu lilijengwa juu ya hekima. Kuhusu shuka hawakuandika kitu.

Basi Mfalme Jabari alikua, akajenga ikulu mpya kwenye bwawa, kubwa kiasi kwamba bwana aliyealikwa karamu humo alitafuta mlango wa kutokea mpaka akakata tamaa, na kabla hajakata tamaa kabisa alikuwa ameshapewa cheo. Hakumnyang'anya mtu ngome. Hakumwaga damu, au hakumwaga nyingi. Alichofanya ni kuikata asubuhi yake vipandevipande na kuwagawia. Mmoja alipewa kandambili ya kulia. Mwingine beseni la kunawia. Mwingine alipewa kazi ya kuuliza, "Mtukufu ameota nini?" na mwingine kazi ya kushangazwa na jibu. Mzee mmoja aliyewahi kuongoza mikuki isiyohesabika alilia kwa furaha mbele ya wajukuu zake siku alipopandishwa cheo kutoka soksi ya kushoto kwenda ya kulia. Huko nyuma, ngome zao zikabomoka mapaa, mbuzi wakahamia, na watoza ushuru wa Mfalme wakapita mabondeni bila kumwomba mtu njia.

"Mchana ni mimi," alisema Mfalme siku moja akiwa anapigwa mswaki, na maneno hayo yakachongwa kwenye mawe nchi nzima, pamoja na povu.

Ndipo ikatoka sheria. Mchana utaanza Mfalme atakapoamka. Pazia litafunguliwa, Mtukufu atavishwa shati, mkono wa kulia kisha wa kushoto, ngoma italia, na hapo ndipo kutakuwa kumekucha. Kabla ya ngoma, atakayepika, atakayeuza, atakayesema kwa sauti au atakayeonekana ana macho wazi atakuwa ni mtu anayemvizia Mfalme akiwa amelala. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ngoma alihesabika bado yumo tumboni, na mkunga alishauriwa asimsikilize. Watu walizoea. Mfalme alikuwa kijana na aliamka mapema, na mtu akiwa na njaa ya alfajiri tu, huo nao ni uhuru wa aina yake.

Masudi, mumewe Sikitu, ndiye aliyekuwa Mshika Mkono wa Kushoto wa Shati. Alirithi mkono huo kwa baba yake, Bwana wa Ngome ya Mwambani, aliyeupata kwa kutoa mto mzima na ng'ombe waliokuwa wakiitwa kwa majina. Siku ya posa, shangazi zake Sikitu waliuliza, "Mwanaume anafanya kazi gani?"

"Anashika mkono wa kushoto."

"Wa nani?"

"Wa shati."

Shangazi wakatazamana. Kisha mmoja akapiga kigelegele, cha chinichini, na wengine wakamfuata kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya.

*

Miaka ikaenda. Mfalme akazeeka, akawa anaamka jua likiwa juu, baadaye jua likiwa limeshapinduka, na nchi ikajifunza kula mlo mmoja. Halafu ikaja asubuhi ambayo hakuamka. Ikaja nyingine.

Masudi aliingia chumbani kwa kusukuma mlango kwa bega, akaketi sakafuni na kofia yake ya manyoya kichwani. Harufu ya marashi iliingia naye, nzito, na chini ya marashi kulikuwa na harufu nyingine.

"Baba Kibibi," alinong'ona Sikitu. "Ameamka?"

"Bado."

"Bado mpaka lini? Leo siku ya tatu."

"Siku gani? Siku hazihesabiki usiku." Aliyasema kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akamsogelea. "Mama Kibibi, nimemgusa. Nilikuwa nanyoosha mkono wa shati, ukateleza. Mwili wa baridi kama mtungi."

"Basi amekufa."

Masudi alimziba mdomo kwa kiganja. Walikaa hivyo, wakisikiliza korido, mpaka alipohakikisha ukuta haukusikia.

"Usiseme hivyo mbele ya mtoto," alisema. "Na nani atamtangaza? Sheria inasema kifo cha Mfalme kitatangazwa na Mfalme."

"Na aliyeitunga hakufikiri?"

"Aliyeitunga alikuwa Mfalme. Nani angemuuliza?"

Ilivyokuwa ni kwamba watu wote wa vipande vya asubuhi walikuwa wamesimama kuzunguka kitanda tangu juzi. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alimtazama mwenzake aseme. Mwenye kandambili alisema kazi yake inaanzia miguuni, hawezi kutoa maoni kuhusu kichwa. Mwenye kuuliza ndoto aliuliza, "Mtukufu ameota nini?" na mwenye kushangazwa, kwa mazoea, akashangaa. Tabibu wa Mfalme aliinama, akaweka sikio kifuani, akakaa muda mrefu, akainuka akiwa na jasho. "Mtukufu," alisema, "anautafakari usingizi kwa kina." Wakamshukuru sana.

"Tuondoke," alisema Sikitu.

"Twende wapi?"

"Mwambani. Ngomeni kwenu."

"Kule kuna mbuzi tu sasa hivi."

"Mbuzi wana maziwa, Baba Kibibi."

Kibibi alikuwa amelala kifudifudi kati yao, akifuata kwa kidole ule mstari wa jua sakafuni, kwenda na kurudi.

"Nikifika kule mimi ni nani?" aliuliza Masudi. "Hapa mimi ni mkono wa kushoto. Watu wananipisha."

"Kule utakuwa na mikono yako miwili, na mtoto wa kumbeba."

Hakuwa mtu mbaya, Masudi. Alikuwa mtu ambaye tangu ujana hajawahi kuulizwa anataka nini, na swali la namna hiyo lilimtia hofu kuliko walinzi.

*

Hotuba ya Mheshimiwa Nyamavu, Waziri wa Usiku, ilitolewa kwenye Ukumbi wa Vioo uliofungwa mapazia. Kwa kuwa ulikuwa usiku, aliitoa kwa kunong'ona. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa mrefu, maafisa walipangwa kila hatua chache ili kuipokea na kuipitisha nyuma, hata waliokuwa mwishoni walipopata salamu za ufunguzi, waliokuwa mbele walikuwa wameshafika kwenye vitisho.

"Ndugu waliolala," alisema Mheshimiwa Nyamavu, mtu mwembamba mwenye mikono safi mno. "Nawashukuru kwa utulivu wenu. Adui zetu wanatuuliza kesho itakuja lini. Tunawajibu kwamba haiwezekani kuwe na kesho kabla leo haijaanza. Hili ni suala la kisayansi. Mishahara itatoka kesho. Wafungwa wanaomaliza vifungo vyao leo watamaliza leo ikianza. Kina mama wajawazito wanaombwa uvumilivu."

Watu wakapiga makofi kwa kusuguanisha ncha za vidole, na sauti yake ilikuwa kama mvua ndogo juu ya majani.

"Lakini nina jambo zito," aliendelea. "Mbona Mtukufu haamki? Tumetafiti. Usingizi wa Mfalme unategemea usingizi wa watu, na humu ndani wapo wasiolala. Nimesikia vijiko. Nimesikia vicheko. Ni watoto. Mtoto hana itikadi. Anafumbua macho pale tu anapojisikia. Kwa hiyo, kwa upendo, kila mtoto atakayekutwa macho atapewa kijiko kimoja cha shurubati ya usingizi. Akifumbua tena, viwili. Tutaendelea kumwongezea upendo mpaka aelewe."

Ncha za vidole zikasuguana. Sikitu, aliyekuwa amesimama kule nyuma na Kibibi mgongoni ndani ya kanga, alisugua na zake. Vidole vilikuwa baridi, havikutoa sauti.

Waliporudi chumbani, jirani yao Bi Salile alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake, mtoto wake Hamdu mapajani. Mumewe Salile alikuwa mwenye beseni la kunawia. Zamani, yaani wiki iliyopita, Salile alikuwa mwanamke wa utani, mwenye kuwaiga mabwana wote mpaka Sikitu akaziba mdomo kwa kanga asicheke. Sasa alikuwa na kioo kidogo, anakiweka puani kwa mwanawe, anakiinua kwenye ufa wa mwanga, anakitazama.

"Shoga," alinong'ona Sikitu, akichuchumaa. "Walikuja lini?"

"Walianzia upande wetu, hata hotuba haijaisha. Nilishukuru, unajua? Mtu anamnywesha mwanangu sumu nami namwambia ahsante Mheshimiwa." Alikiweka kioo tena. "Alifumbua macho, wakampa cha pili. Kioo bado kinapata ukungu. Tazama. Kimepata au sijaona vizuri?"

Sikitu alitazama. Kulikuwa na ukungu mdogo, kama sarafu, ukinyauka kuanzia pembeni.

"Kimepata," alisema.

"Wako wakimnywesha, muinue kichwa. Huyu nilimlaza chali, sikujua." Salile alimshika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. "Au mfundishe kufumba. Mfundishe sasa hivi, wanahamia upande wenu."

Hapo ndipo Sikitu alipomketisha Kibibi magotini na kuanza kumfundisha kulala kwa uongo, jambo ambalo mama wa nchi nyingine hulikataza.

"Fumba."

"Nimefumba."

"Naona mboni."

"Mboni ndiyo inakuangalia wewe, mama."

"Isiangalie. Fumba kama umekasirika. Hapana, hivyo ni sana, unakunja uso. Fumba kama unaoga, maji yanakuja."

Kibibi alifumba kama maji yanakuja. Alikaa hivyo pumzi mbili tatu, kope zikicheza, kisha jicho moja likafunguka kidogo, kwa sababu alitaka kuona kama mama amefurahi. Sikitu alitabasamu kwa kuwa ndivyo alivyozoea kufanya mtoto akimtazama, ingawa alijua wazi kwamba mtoto huyu hataweza. Hakuna mtoto wa miaka minne anayeweza kufumba macho mbele ya mtu mzima aliyeshika kijiko, asitake kujua kina nini.

*

Walinzi hawakufika mlangoni siku ile, kwa sababu kukatokea sauti.

Mwanzoni Sikitu alidhani ni ngurumo. Ilitoka mbali, upande wa mjini, ikashuka na kupanda, kwa mpangilio, kama bahari inayopumua. Walinzi walikimbia na soksi zao wakiteleza kwenye marumaru. Masudi akafungua dirisha kiasi cha unene wa kidole, akachungulia, akalifunga, akaliegemea kwa mgongo.

"Nini?" aliuliza Sikitu.

"Ni mji," alisema. "Mji wote. Wanakuja."

"Na silaha?"

"Wamelala."

Ilikuwa hivi. Mjini, ambako tangu juzi hakuna aliyeruhusiwa kuwasha moto wala kufungua duka, watu walikuwa wamekula unga mkavu, kisha pumba, kisha hawakula. Akatokea mtu, hadi leo hajulikani, akakumbuka kwamba sheria inakataza kuwa macho tu. Haikatazi kutembea. Mtu anayetembea usingizini amelala, na aliyelala ni raia mwema asiyeguswa. Basi wakafumba macho. Wakanyoosha mikono mbele, wakashika kila mmoja bega la mwenzake, kina mama na watoto wao, waoka mikate, wachimba visima, wazee wa fimbo, wakaja ikulu kwa maelfu huku wakikoroma.

Lango la kwanza lilifunguliwa na mlinzi aliyesoma sheria vizuri na asiyeona pa kumkamata mtu aliyelala. Kwenye lango la pili mlinzi hakusoma chochote, alikimbia tu. Wakajaa uani, chini ya roshani ya Mfalme, bega kwa bega, nyuso zimeinuliwa, macho yamefumbwa, wakikoroma kwa pamoja mpaka vioo vya ule ukumbi maarufu vikaanza kutetemeka kwenye fremu.

Waliokuwa ndani walisema baadaye kwamba watu wale wangepiga kelele, wangevumilika. Wangekuja na mienge, Mheshimiwa Nyamavu angejua la kufanya. Lakini hakuna mtu katika ikulu ile aliyewahi kukoromewa na taifa.

"Atavishwa," alisema Mheshimiwa Nyamavu. "Sasa hivi. Wakimwona amesimama, ngoma italia, mchana utaanza, watakwenda kupika."

"Mheshimiwa," alisema tabibu, "atasimamaje?"

Waziri alifikiri. "Leteni ufagio," alisema.

Wakampitisha Mfalme mpini wa ufagio ndani ya shati, toka kiunoni mpaka ukosini. Mwenye soksi ya kulia alisema kwa unyenyekevu kwamba Mtukufu hajawahi kusimama wima namna hii tangu apate kitambi. Wengine walikubali. Na Mheshimiwa Nyamavu, akirudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi, alipatwa na furaha ambayo hakuna aliyewahi kuiona usoni mwake.

"Mnaelewa tumepata nini?" alinong'ona. "Mfalme asiyekula. Asiyechoka, asiyebadili mawazo. Hata kufa hawezi tena. Huu ndio ufalme kamili, mabwana. Waliotangulia wote walikuwa mazoezi."

Kisha akaagiza kina mama wa ikulu wapangwe roshanini, kila mmoja na mtoto wake aliyelala, ili mji ujifunze kwa mfano.

*

Sikitu alisimama pale alipowekwa, hatua chache kutoka kwa mumewe. Kibibi alikuwa begani kwake, uso ndani ya shingo yake, pumzi za joto zikimpiga sikioni. Kushoto kwake alisimama Salile na Hamdu aliyelegea kama nguo iliyoloa. Tabibu alipita nyuma ya kina mama akiwa na chupa na kijiko, akiinua videvu.

"Fumba, mwanangu," Sikitu alinong'ona bila kutikisa midomo. "Maji yanakuja."

"Nimefumba."

Pazia la roshani likafunguliwa.

Jua lote lililokuwa limezuiwa tangu juzi liliingia kwa pamoja. Liliwapiga mabwana usoni na wakajikunyata. Lilimulika shati la Mfalme, na ndani ya shati kile kilichokuwemo. Mheshimiwa Nyamavu, aliyejitwalia mwenyewe mkono wa kulia, aliuinua mkono huo juu taratibu. Masudi akauinua wa kushoto. Mfalme akausalimu mji. Mpiga ngoma, mtu mnene aliyekuwa hajala kama wengine, aliinua fimbo zake na kusubiri Mfalme aitikie kwa kichwa, kama ilivyokuwa siku zote.

Kibibi alifumbua macho. Kuna mtoto gani asingefumbua? Tangu juzi alikuwa akichezea jua kwa kidole, la unene wa ufunguo, na sasa lilikuwa kila mahali.

"Yule," alisema Mheshimiwa Nyamavu pembeni mwa mdomo, akiendelea kutabasamu kwa niaba ya Mfalme. "Wa kushoto wako, tabibu. Yuko macho mbele ya mji mzima. Mpe. Mpe vitatu."

Tabibu alikuja. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba radhi, na kijiko kilichojaa mpaka ukingoni. Sikitu alirudi nyuma, akakutana na ukuta. Alitaka kukimbia, lakini kulia kulikuwa na walinzi, kushoto Salile, na mbele ukingo wa roshani na mji uliofumba macho. Kijiko kikaja, cheusi, kinanukia asali. Akamgeuza mtoto, kikamfuata upande wa pili.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie ikulu. Kabla ya ngoma, kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtu aje mezani, alisema, "Baba Kibibi."

Masudi aligeuka. Alikiona kijiko, akamwona Hamdu, akamwona mwanawe akikwepesha kidevu. Aliutazama mkono wa shati aliokuwa ameushika, hariri, uzi wa dhahabu, na ngome na mto na ng'ombe wa baba yake vyote vimo ndani yake. Ilionekana kama anauaga.

Akauachia.

Mkono wa Mfalme ulianguka na kugonga ukingo wa roshani kwa mlio wa kuni. Mfalme akainama upande, polepole, kama mtu anayetaka kusema siri, akamwangukia Mheshimiwa Nyamavu kifuani, na Waziri wa Usiku akalazimika kumkumbatia kwa mikono miwili ili asidondoke chini, akabaki hivyo, amebanwa, tabasamu bado liko usoni kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwamuru aliondoe. Masudi alikuwa ameshavuka zile hatua chache. Alikifunika kijiko kwa kiganja, na shurubati ikamchuruzika kwenye kiwiko.

Kule chini mkoromo ulikatika, wote kwa mara moja.

Hakuna aliyefumbua macho. Walikuwa wameusikia mlio ule, na pengine kila mmoja uani alijua ni mlio wa nini, lakini ngoma haikuwa imelia, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza. Mpiga ngoma alisimama na fimbo zake hewani, akiutazama mgongo wa Mfalme. Walinzi wakamtazama Waziri, naye Waziri, kutoka chini ya kwapa la Mfalme, hakuwa na wa kumtazama. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Sikitu alisikia kioo kidogo cha Salile kikigusa kifungo cha nguo yake alipokuwa akikiinua tena kukitazama.

Mikono ya baba yake na ya mama yake ikiwa imemzunguka, Kibibi aliinua kichwa. Alizitazama nyuso zote zile zilizofumba macho juani, nyingi kuliko alizowahi kuona. Akakisukuma kijiko mbali na mdomo wake kwa mkono mmoja, akavuta pumzi, na kwa sauti yake yote akasema:

"Mimi sitaki kulala."